Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Bunduki Iliyosingiziwa

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina, sitazirudia. Ada bado zinachelewa na wahusika wanajijua. Nafasi yangu naitumia kuizungumzia bunduki ya chama chetu cha kulenga shabaha, ile ya 308 (hicho ni kipimo cha risasi zake), kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha tangu masika, na kosa kubwa lilikuwa langu.

Malalamiko mnayakumbuka. Mmoja wetu anapiga risasi tano, matundu yote yanafunikwa na sarafu ya shilingi 200. Wiki inayofuata mwingine, tena mwenye shabaha kumzidi, anayatawanya upana wa sahani. Tukalaumu upepo wa ziwa, tukalaumu darubini, wengine wakalaumu mkono wa mwenzao. Mimi nikaidhinisha bunduki iende kwa fundi. Akaifungua, akaisafisha, akakaza skrubu, akatuambia haina ugonjwa wowote. Fedha hiyo hairudi.

Katibu ndiye aliyeuliza swali ambalo tulipaswa kuanza nalo: walipiga risasi zipi? Kabatini tukakuta maboksi ya aina tatu, na hata yaliyofanana yalikuwa na namba tofauti za toleo, yaani hayakutengenezwa kwa mkupuo mmoja.

Tukipiga, mtutu hautulii. Baruti inapowaka chuma hutikisika, kama ufito wa mshipi ulionasa sangara, na risasi inatoka mdomoni baada ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikitoka mtutu umefika mwisho wa mtikiso, pale unaposita kabla ya kurudi, matundu hukaa pamoja. Ikitoka mtutu ukiwa mbioni, kila moja huelekea kwake. Kila aina ya risasi ina wakati wake wa kutoka, ndiyo maana ya bei ghali yaweza kutuangusha na ya bei nafuu ikatufaa. Dawa ni kuzijaribu kwenye mtutu wetu wenyewe. Sifa za mtutu wa jirani hazitusaidii.

Halafu kuna uzito. Tulikuwa na vichwa, yaani kile kipande cha risasi kinachoruka, vya gramu 9.7 na vya gramu 11.7. Kizito hutoka polepole zaidi, kwa hiyo hakipigi pale pale darubini iliporekebishwa kwa chepesi. Anayechanganya maboksi hupata makundi mawili kwenye karatasi moja, akadhani amepoteza shabaha. Kizito vilevile ni kirefu, na kichwa kirefu ni kama pia ndefu wanayoizungusha watoto: kisipozungushwa kwa kasi kinayumba. Mzunguko huo hutoka kwenye mifereji ya ndani ya mtutu. George Greenhill, mwanahisabati wa Uingereza, aliitolea kanuni mwaka 1879. Jeshi la Marekani lilikutana na jambo hilo hilo miaka ya 1980: risasi mpya za bunduki yake ya M16 zilipokuwa ndefu zaidi, mifereji iliyokamilisha mzunguko mmoja kila inchi 12 ikabadilishwa ikawa kila inchi 7. Mtutu wetu hatuwezi kuubadilisha. Tuchague risasi inayoupenda.

Jua nalo. Baruti nyingi zikipata joto huwaka kwa kasi na kupandisha msukumo. Boksi lililoshinda juu ya dashibodi hapa Mwanza saa saba mchana si boksi lile lililotoka kabatini, na msukumo ukizidi hilo ni suala la usalama. Mwenye tabia hiyo ni mmoja, nimeshamwambia faragha.

Kamati inapendekeza hivi. Tujaribu zile aina tatu, makundi matatu ya risasi tano kwa kila aina, mpigaji awe mmoja, siku iwe moja, mtutu uachwe upoe kati ya kundi na kundi. Kundi moja zuri lisitudanganye, huenda likawa bahati. Itakayoshinda tuinunue ya toleo moja, kwa kadiri kibali chetu kinavyoruhusu, na kila anayepiga aandike namba ya toleo daftarini kabla hajagusa bunduki. Zilizobaki zitumike kwa mazoezi ya karibu, bila kuchanganywa.

Daftari jipya liko kwa katibu. Fedha ya risasi hizo inahitaji kura yenu leo.