Mzee na saa yake

Kaka Sele, za masiku? Najua nimepotea, mpaka Rehema kaniuliza kama tumegombana. Hatujagombana bwana, ni mambo ya mzee tu.

Si unaikumbuka ile saa janja ya kupima mapigo ya moyo Bakari alimletea? Ikaanza kumwambia mapigo yake hayana mpangilio, mzee akaivua akaitupa kwenye droo, eti moyo wake anaujua mwenyewe. Nikambembeleza wee mpaka akakubali kukaa, mkono mezani, kidole cha mkono wa pili kwenye kile kitufe cha pembeni, sekunde 30 bila kuongea (mzee yule, bila kuongea!), ikatoa mchoro wa umeme wa moyo tukaupeleka kwa daktari. Daktari hakuudharau ila hakuuamini hivihivi, akamvalisha Holter, kifaa cha kurekodi moyo mfululizo, kile cha nyaya za kubandika kifuani, akalala nayo, ndo ikajulikana kweli vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama, ikiganda ikapanda kichwani ni kiharusi. Sasa yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Na alikuwa hasikii chochote kaka, hata kizunguzungu! Hapo saa naipa heshima yake.

Shida sasa ni Bakari. Data yote inaingia kwenye simu yake, mzee akipanda ngazi, simu, akimfokea mjukuu, simu. Juzi ilisoma mapigo 140 kwa dakika, wote roho juu, kumbe mkanda umelegea, ile taa ya kijani inamulika ngozi na sensa inapima mwanga unaorudi baada ya damu kunyonya wake, sasa saa ikicheza mkononi inahesabu mtikisiko. Hata ule utafiti wa saa kama hizi, wa kampuni ya Apple na Chuo Kikuu cha Stanford, watu zaidi ya laki 4, waliopewa onyo na saa hawakufika 1 kwa 100, na waliokuja kubandikwa kipimo cha kifuani ni kama theluthi tu ndo tatizo lilionekana, maana lenyewe huja na kuondoka. Bakari hasikii. Nikamwambia pia saa haioni shambulio la moyo, mzee akibanwa kifua tunakimbia hospitali hatuiulizi saa. Hapo akanyamaza kidogo, kesho yake simu tena.

Ndo nakuja kwako, wewe unayeshinda na data. Nikikutumia faili la miezi yote utaweza kunitolea mapigo ya usiku akiwa amelala tu, na muda ambao moyo ulikosa mpangilio wiki kwa wiki? Daktari anataka mwelekeo, hataki kila pigo. Inawezekana kumwekea Bakari onyo lije pale tu mapigo yamekaa juu muda mrefu na mzee ametulia? Halafu mzee kaniuliza nikakosa jibu: ukiacha Bakari, nani mwingine anausoma moyo wake huko data inakohifadhiwa? Na wewe presha yako vipi, bado unakimbia kuipima?

Ni mimi,
Idi