Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mikutano ya robo mwaka na semina ya marejesho ya kodi ilifanyika kama mlivyoarifiwa. Kumbukumbu anazo katibu. Nianze na lile linalosemwa pembeni: kwa nini kamati iliuondoa mkataba wetu wa mfano na kutoa pauni 4,800 za akiba kumlipa mtaalamu wa kodi.

Mkataba ule uliegemea zaidi kifungu kimoja: kazi ikiisha, mteja halazimiki kukupa nyingine, nawe hulazimiki kuipokea. Wengi wenu mlikivaa kama hirizi dhidi ya IR35, kanuni za Uingereza zinazomtoza kodi kama mwajiriwa mkandarasi anayefanya kazi kupitia kampuni yake, kama sisi, iwapo kazi yake kwa hakika ni ya ajira. Septemba 2024, katika shauri la waamuzi wa soka wa PGMOL, chombo kinachowapangia mechi, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliona kwamba wajibu wa pande mbili, ambao ni alama mojawapo ya ajira, unaweza kuwemo ndani ya mechi moja tu, hata kama hakuna aliyeahidi mechi ijayo. Walionishauri tungoje wakumbuke kuwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, hufukua miaka 4 ya nyuma, 6 pakiwa na uzembe, na 20 pakiwa na udanganyifu wa makusudi. Kamati isingeweza kuendelea kugawa karatasi inayojua ina tundu.

Mkataba mpya, ambao bei yake niliisimamia mwenyewe ikashuka, unaipa kampuni yako haki ya kutuma mtu mwingine na kumlipa yenyewe, unapima kazi kwa matokeo, na unakutaka urekebishe kasoro kwa gharama yako. Lakini maandishi hayafui dafu mbele ya hali halisi. Ukiomba ruhusa ya likizo kwa meneja wa mteja, au ukihamishwa kutoka mradi huu kwenda ule bila makubaliano mapya, mkaguzi anaweza kukuhesabu kama mwajiriwa hata kifungu kiwe kizuri namna gani. Na haki ya kutuma mbadala ambayo mteja anaweza kuikataa apendavyo haina uzito.

Tangu 6 Aprili 2021, mteja wa kati au mkubwa ndiye anayeamua hadhi yako, yaani kama uko ndani ya IR35 au nje, kwa maandishi yenye sababu. Idai karatasi hiyo kabla ya kusaini. Ikiwa ni ileile waliyopewa wakandarasi wote, pinga kwa maandishi. Mteja ana siku 45 za kujibu, na akinyamaza mzigo wa kodi humrudia. Mteja akiwa mdogo, kampuni yako ndiyo inayoamua na ndiyo itakayodaiwa. Hapo jaza CEST, kipimo cha hadhi cha HMRC kilichoko mtandaoni, kwa ukweli na uhifadhi nakala, kwani HMRC huheshimu jibu lake iwapo maelezo ni sahihi.

Ukihesabiwa ndani ya IR35, mchango wa mwajiri wa Bima ya Taifa, asilimia 15, ni wa anayekulipa. Haruhusiwi kuukata kwenye malipo mliyokubaliana. Ujanja wao ni kuyashusha malipo kabla hamjakubaliana. Kwenye kampuni za mwavuli, zinazomwajiri mkandarasi na kumlipa mshahara kwa kazi anazowafanyia wateja, ni tofauti: kiwango unachotangaziwa mara nyingi kimekwisha kubeba mchango huo, ndipo watu hushtuka wakiona hati ya mshahara. Ulizeni mapema.

Wanaosema hawakushirikishwa: mkutano wa jambo hili uliitishwa kwa taarifa ya wiki tatu, wakaja 11 kati ya 63. Akidi haikutimia, na katiba inairuhusu kamati kuamua katika hali hiyo. Sikuamua peke yangu, ingawa lawama zimenijia peke yangu.

Ada ni aibu. Waliolipa ni 26. Wengine 37 wanadaiwa pauni 60 kila mmoja, jumla 2,220, karibu nusu ya fedha mnazolalamikia.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kutafuta bima ya pamoja ya gharama za ukaguzi wa kodi, na pengine semina mbili zaidi. Mikataba itakayokaguliwa bila malipo ni ya waliolipa ada tu. Orodha anayo mhazini.

Mwenyekiti