Walimu tarajali wapande na huku milimani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya kata wilayani Kilolo, na kila ikifika Julai naona wivu nikishuka Iringa mjini. Mwaka jana nilimkuta rafiki yangu, mwalimu wa taaluma wa sekondari moja pale mjini, akihangaika kutafuta viti. Amepokea walimu tarajali 18, yaani wanachuo wa ualimu waliokuja kwa mazoezi ya kufundisha! Wengine wamekaa chini ya mti wakisubiri kipindi kimoja kwa siku. Sisi huku hatukupata hata mmoja, na si mwaka huo tu.

Wa rika langu wanakumbuka Mkwawa ya hapa Iringa ilipokuwa sekondari. Mwaka 2005 Serikali iliigeuza kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sambamba na Chuo cha Ualimu Chang'ombe ambacho leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE). Sababu ilieleweka. Shule za kata zilikuwa zinaota kila kilima kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) na walimu hakuna, hadi tukaletewa vijana waliotoka kidato cha sita wakapigwa msasa wiki chache, mitaani wakaitwa "vodafasta". Kwa hiyo mkoa ulitoa sekondari kongwe ili hizi changa zipate walimu. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Nadai chenji yangu tu.

Mara moja tulibahatika. Alikuja binti wa Fizikia kutoka Mara, nadhani alipangiwa huku kwa makosa, maana alishuka kwenye Coaster akiwa na sandozi na blauzi nyepesi, Julai, Kilolo! Mke wangu alimpa sweta siku hiyo hiyo. Fizikia haikuwa na mwalimu. Kidato cha tatu walikuwa wananakili madaftari ya kaka zao. Wiki ya pili akachukua boksi la viatu, akalitoboa tundu kwa sindano upande mmoja, upande wa pili akabandika karatasi aliyoipaka mafuta ya kula, kisha akawatoa watoto nje. Mmoja mmoja wakajifunika kanga kichwani, wakachungulia, wakauona mkaratusi wa uwanjani umesimama kichwa chini miguu juu. Kuna kijana mmoja ambaye darasani kwangu hajawahi kunyoosha kidole. Alirudi kwenye foleni mara tatu.

Msimamizi wake kutoka chuoni alifika siku moja. Alikaa nyuma ya darasa dakika 40, akajaza fomu, akaondoka kabla ukungu haujafunga barabara. Wiki nane zilipokwisha, mada ya mwanga ilibaki katikati. Binti akaondoka na maandalio yake yote ya masomo, kwani chuo kiliyahitaji kwa ajili ya alama. Boksi tu ndilo lililobaki, nalo panya wakalimaliza.

Nimewahi kuwauliza wahadhiri wawili watatu. Wanasema kuzungukia shule za milimani ni gharama, na vijana wenyewe wanaomba mjini kwa kuwa bumu, yaani mkopo wa kujikimu, linachelewa na nyumba ni ghali. Sibishi. Lakini kumi na wanane shule moja?

Ombi langu kwa vyuo vyote vinavyofundisha walimu mkoani hapa ni dogo. Shule ya mlimani ipewe wawili kila mwaka, mmoja awe wa sayansi, na wa mwaka unaofuata wapangiwe shule ile ile waanzie pale wenzao walipoishia. Wakiondoka, wamwachie mwalimu wa taaluma nakala ya maandalio. Kuhusu malazi, kamati ya wazazi wetu imekwisha kukubali: chumba kipo, vitanda viwili vipo, viazi na njegere havihesabiwi. Sweta waje nazo wenyewe.

Mwalimu wa Hisabati,
Kilolo, Iringa