Tukariri sura nzima, tusiishie kwenye mstari mmoja

Mhariri,

Mistari ya Biblia imebandikwa kwenye vioo vya magari mengi ya abiria kati ya Moshi na Arusha, na iliyo maarufu wengi tunaijua kwa kichwa. Tatizo ni kwamba tunaijua ikiwa imekatwa. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," Wafilipi 4:13, hutumika kama ahadi ya kufaulu mtihani au biashara, ilhali mstari wa 12 unamtaja mtu aliyefundishwa kushiba na kuona njaa. Yeremia 29:11, ahadi ya mawazo ya amani na tumaini, hutajwa kila mwaka mpya. Mstari wa 10 unaowatajia mateka wa Babeli miaka 70 hautajwi.

Hili si jambo dogo. Katika Mathayo 4 Ibilisi naye ananukuu Maandiko, Zaburi 91:11-12, huku akiruka maneno "katika njia zako zote". Yesu anamjibu mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Ni sura hiyohiyo ya 6 inayoagiza kwamba maneno haya yawe moyoni. Wanaosema Biblia imo kwenye simu, kwa hiyo hakuna haja ya kukariri, waisome sura ile tena. Simu hutoa mstari ukiutafuta, na majaribu hayampi mtu nafasi ya kutafuta.

Sisi tunaofundisha kipaimara tunajua panapoharibikia. Vijana humeza mistari wiki moja kabla ya mtihani, wanafaulu, kisha baada ya Jumapili ya kipaimara hakuna anayewauliza tena. Kinachokosekana ni marudio, wala si akili.

Tunashauri kuanza na kitabu kifupi. Wafilipi ina mistari 104: ukikariri miwili kwa wiki, baada ya wiki 52 unao waraka wote. Chagua tafsiri moja usiiache. Union Version inasema "Bwana" pale ambapo Habari Njema inasema "Mwenyezi-Mungu", na anayechanganya hizo mbili atakwama katikati ya mstari kila mara. Soma sura nzima kwa sauti kwanza. Kisha ukate mstari penye mkato au nukta, ushike kipande kimoja kimoja, na utaje kitabu, sura na namba kabla na baada ya kuusema, kwa sababu namba ndiyo husahaulika mapema kuliko maneno.

Wapo wanaofundisha kuandika herufi ya kwanza ya kila neno. Kwa Kiswahili haisaidii sana: "mioyo yenu na nia zenu" inabaki m, y, n, n, z, ambayo ingeweza kuwa kitu chochote. Afadhali uandike mstari wote ubaoni, ufute maneno mawili matatu kila mnaporudia, ukianza na vitenzi, hadi ubao ubaki mtupu. Vitenzi ndiko makosa yaliko. "Itawahifadhi" ya Wafilipi 4:7 hugeuka "inawahifadhi" au "itawalinda" bila mtu kugundua. Na katika mstari wa 6 watu wengi huangusha "pamoja na kushukuru", maneno yale yale ambayo mwenye wasiwasi anayahitaji mno.

Mkikariri wawili wawili, msikilizaji awe na Biblia iliyofunguliwa. Mwenzake akikosea, asimpe neno akaendelea. Aliyekosea aanze mstari upya, maana kosa likiachwa hujifunga na maneno yanayofuata. Baada ya hapo marudio yaende hivi: kila siku kwa siku 7, mara moja kwa wiki kwa wiki 7, halafu mara moja kwa mwezi. Vipande vya karatasi ya manila, mstari upande mmoja na namba upande wa pili, vinatosha kabisa. Unaweza kurudia ukiosha vyombo au ukisubiri gari stendi.

Tunawasihi pia wanaoandaa mashindano ya shule ya Jumapili waache kutoa zawadi kwa wingi wa mistari pekee. Mtoto aseme sura moja fupi, Zaburi 23 kwa mfano yenye mistari 6, halafu aulizwe maana ya "bonde la uvuli wa mauti". Na jumuiya za nyumba kwa nyumba zitenge dakika 5 kila wiki, kabla ya matangazo, watu wazima nao wasikilizwe.

Walimu wa kipaimara,
Moshi