Barua kwa mdogo wangu, muuguzi mfawidhi jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu

Mdogo wangu,

Hongera kwa cheo. Shemeji ameniambia mmeanza mafunzo ya kupokea majeruhi wengi kwa mpigo. Nimefurahi sana, ila nina ombi, na naliandika hadharani ili wenzako wa Kibondo nao walisome.

Usikubali mafunzo yaishie ukumbini. Rangi za kadi wanazofungwa majeruhi mtazishika siku moja: nyekundu ahudumiwe sasa hivi, njano anaweza kusubiri, kijani anatembea mwenyewe, nyeusi amefariki au hana tena matumaini. Kazi yenyewe iko getini. Wanaotangulia kufika mara nyingi ni wenye majeraha madogo, wamepakiwa kwenye bodaboda. Wanajaza vitanda, kisha anayevuja damu tumboni analetwa baadaye na kukuta wodi imejaa walioteguka mikono. Kwa hiyo anza na askari wa getini. Mlango wa kuingilia uwe mmoja, na wenye kadi za kijani wakae nje, wasiingie jengoni kabisa.

Anayepanga wagonjwa asitibu. Ahesabu pumzi: zikizidi 30 kwa dakika, nyekundu. Apapase mshipa wa mkononi. Halafu aseme, “Nibane kidole.” Hapo ndipo lugha inapoleta shida. Nyarugusu ilianza na Wakongo mwaka 1996, na 2015 wakaja Warundi kwa maelfu. Mtu asiyeelewa ulichomwambia ataonekana amechanganyikiwa, apewe nyekundu ya mwenzake. Wewe na Kiha chako utaelewana na Mrundi. Muuguzi aliyehamishiwa huko kutoka Mtwara je? Naomba wahudumu wa afya wa kijamii, wale wakimbizi wenyewe, wawe ndani ya zoezi tangu siku ya kwanza, kila mmoja na kituo chake.

Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, hospitali ya Ndosho ilifurika majeruhi kupita uwezo wake. Na pale timu za Msalaba Mwekundu zilikuwa zimepasua majeruhi wa risasi kwa miaka! Kama waliozoea walielemewa, sisi tusiofanya hata zoezi moja la usiku tutafanyaje?

Fanyeni usiku, bila taarifa, kwa watu wa zamu hiyo tu. Umeme uzimwe kweli. Muone jenereta inachukua muda gani kuwaka, nani ana ufunguo wa stoo, na wachangia damu wa kundi O wanapigiwa simu na nani. Mkishapanga tarehe, nijulishe. Nitaomba ruhusa kazini nije nisaidie kulaza majeruhi wa kuigiza.

Kaka yako