Kabla ya kumlipa mshauri wa vyuo vya ng'ambo

Kwa Mhariri,

Matokeo ya KCSE yakishatoka tu, mabango ya "Soma Marekani" hutanda kila mahali, kuanzia Moi Avenue jijini Nairobi hadi Uganda Road jijini Eldoret. Mzazi wa mtoto aliyepata A au B+ huanza kupigiwa simu na watu asiowajua. Baadhi yao ni washauri wa kweli, wengine ni madalali, na bango halikwambii yupi ni yupi. Swali la kuwatenganisha lipo, ila wazazi wengi huona haya kuliuliza: mbali na pesa zangu, wewe unalipwa na nani mwingine?

Wakala wa kamisheni hulipwa na chuo mtoto akishasajiliwa, kwa kawaida asilimia fulani ya karo ya mwaka wa kwanza. Havunji sheria yoyote. Mwaka 1992 Marekani ilivikataza vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu kulipa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayeletwa, lakini ikawaacha nje wanafunzi wa kigeni wanaoishi ng'ambo. Mtoto wa Ohio analindwa. Wa Kapsabet ajilinde mwenyewe. Ndiyo maana orodha ya wakala hujaa vyuo vilivyotia sahihi naye. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin huchagua wanafunzi, hata wa kigeni, bila kuangalia uwezo wa familia, kisha huziba pengo lote la fedha kwa anayechaguliwa. Huko hakuna kamisheni, basi usishangae usipoyasikia majina hayo ofisini mwake.

Mshauri binafsi hulipwa na mzazi peke yake. Chama cha washauri wa aina hii huko Marekani, IECA, kilichoanzishwa mwaka 1976, hakiruhusu mwanachama kupokea chochote kutoka chuoni wala kuahidi nafasi. Anayejidai mwanachama, mtafute kwenye orodha yao mtandaoni. Cheti cha usajili wa biashara kilichotundikwa ukutani kinaonyesha kwamba jina la duka limesajiliwa, basi. Na akikunong'oneza kwamba ana "mtu wake" ndani ya chuo, inuka uende zako. Rick Singer, mshauri wa California aliyeuza nafasi kwa kuhonga makocha na kudanganya kwenye mitihani, alihukumiwa Januari 2023 kifungo cha miaka mitatu na nusu, na watoto wa wateja wake kadhaa walifukuzwa vyuoni.

Je, unamhitaji hata huyo wa kweli? Mtoto wa A kutoka familia isiyojiweza hapaswi kulipia ushauri. Kituo cha EducationUSA, huduma ya ushauri ya serikali ya Marekani, kwenye Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi kipo kwa kazi hiyo, na washauri wake hawafanyi kazi na wanaokula kamisheni. Wapo pia KenSAP, waliowasaidia wanafunzi wa aina hii tangu 2004, mpango wa viongozi wa benki ya Equity, na Zawadi Africa kwa wasichana. Ushindani wa kuingia humo ni mkali, lakini kujaribu ni bure. Pesa ya mshauri ina maana zaidi kwa mtoto wa B+ ambaye mzazi wake anaweza kulipa sehemu ya karo. Huyo anatafutiwa, miongoni mwa vyuo zaidi ya elfu moja vilivyomo kwenye Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, vile vichache vinavyompa mgeni ufadhili kwa sababu ya alama zake. Hiyo ni kazi ya subira, na anayeiweza anastahili ujira wake.

Mkishakubaliana, jambo la kwanza ni barua pepe. Washauri wengi humfungulia mtoto anwani mpya, wakaweka nywila yao na namba yao ya simu kama namba ya kurejesha akaunti. Baada ya hapo kila kitu kinapita kwao: chuo kinaomba karatasi iliyokosekana, kinaita mtoto kwenye mahojiano, hata kinampa nafasi, na mzazi anajua tu anachoambiwa. Mkigombana juu ya malipo, maombi yote yanabaki mateka. Mtoto afungue anwani mwenyewe, namba ya kurejesha iwe ya mzazi, na akaunti ya Common App aifungue kwa anwani hiyo. Mshauri hahitaji nywila. Kwenye sehemu ya wapendekezaji kuna nafasi ya msaidizi wa nje, anayeweza kutazama maendeleo ya maombi bila kubadilisha kitu. Akiikataa nafasi hiyo, mwulize anataka kubadilisha nini.

Alama za shule na barua za mapendekezo hutumwa na shule. Hapa ndipo ujanja hufanyika sana, kwa sababu walimu wetu wengi hawana barua pepe za shule. Mshauri anabuni anwani yenye jina la mwalimu, anaandika barua mwenyewe, anaipandisha. Chuo kikipiga simu shuleni, na wakati mwingine hupiga, mwalimu hajui lolote, na maombi yanaanguka hapo hapo. Mzazi apeleke maombi shuleni mapema, Juni au Julai, pamoja na orodha ya mambo aliyoyafanya mtoto na tarehe za mwisho za kila chuo. Na kabla ya yote linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha KCSE na pasipoti. "Kiprono" hapa na "Kiprono Cheruiyot" kule hugharimu wiki kadhaa za kuandikiana barua.

Insha kuu ya Common App ina kikomo cha maneno 650. Mshauri mzuri huuliza maswali, husoma rasimu, hupigia mstari sentensi isiyosema kitu, kisha humrudishia mtoto aandike tena. Mbaya humpa insha tayari, ile ile aliyomuuzia mtoto wa mwaka jana na kubadilisha jina la kijiji. Ukitaka kujua, mwambie mtoto akueleze insha yake kwa maneno yake, bila karatasi. Akibabaika, si yake.

Lakini linaloziumiza familia nyingi zaidi ni kisanduku kimoja kidogo. Ndani ya fomu ya kila chuo, mtoto huulizwa kama ataomba msaada wa fedha. Vyuo vingi huangalia uwezo wa mgeni vinapochagua, kwa hivyo jibu la "ndiyo" hupunguza nafasi. Mshauri anayetaka kujivunia idadi ya barua za kukubaliwa huweka "hapana". Barua inakuja Machi, familia inachinja mbuzi, halafu inakuja ankara ya chuo cha binafsi inayozidi dola 80,000 kwa mwaka. Kurudi nyuma ni vigumu, maana vyuo vingi havimpi mgeni msaada baadaye kama hakuuomba mwanzoni. Mzazi akae kando ya mtoto siku ya kutuma na asome kisanduku hicho chuo kwa chuo. Fomu ya CSS Profile, ya kueleza hali ya fedha ya familia, ambayo vyuo vingi vinavyotoa msaada hudai, nayo ijazwe kwa hesabu za kweli: mshahara, mauzo ya majani chai au maziwa, na karo za ndugu wengine. Anayekukodishia salio la benki ili uonekane unajiweza anakutega, kwani afisa wa viza atauliza pesa iliyoingia wiki mbili zilizopita imetoka wapi.

Early Decision, yaani maombi ya mapema yanayomfunga mtoto kwa chuo, nayo iogopeni. Tarehe yake kwa kawaida ni 1 Novemba, ni chuo kimoja tu, na ukikubaliwa umefungwa. Mkataba wake hutiwa sahihi na mtoto, mzazi na mshauri wa shule. Mshauri wa kulipwa hana mahali pa kuweka sahihi, na akipendekeza mtume kwa vyuo viwili ili "kuongeza bahati", anahatarisha vyote.

Kuhusu malipo, andikianeni: vyuo vingapi, insha ngapi na kila moja itasomwa mara ngapi, nani anashughulikia fomu za fedha, na kinachorudishwa mkiachana katikati. Gawa pesa kwa hatua, sehemu orodha ya vyuo ikikamilika, sehemu insha zikiisha, sehemu fomu zote zikitumwa. Usilipe kwa sharti la kukubaliwa wala la viza, maana yote mawili hayamo mikononi mwake. Ada ya maombi, mara nyingi kati ya dola 50 na 90 kwa chuo, ilipwe kutoka akaunti ya mtoto ili risiti ije kwenye barua pepe yake. Tena vyuo vingi huisamehe ukiomba. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya viza dola 185, na zote zina risiti yenye jina la mwanafunzi. Fomu ya DS-160, ya kuombea viza, inauliza kama kuna aliyekusaidia kuijaza. Anayekuambia ujibu hapana anakutuma ukaseme uongo kwa serikali ya Marekani siku ya kwanza ya kuonana nayo.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja. Wazazi walioandamana Eldoret mwaka 2023 wakidai pesa zao za mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada walilipa kwa sababu waliona mhuri wa serikali ya kaunti. Mhuri wa shule nao una uzito huo huo. Msimruhusu wakala kufanya mkutano wa wazazi ukumbini mwenu kabla hajaonyesha, kwa maandishi, ni vyuo gani vinamlipa. Teueni pia mwalimu mmoja, mumpe anwani ya barua pepe ya shule na saa mbili kwa wiki kuanzia Juni hadi Desemba. Akiwa na skana na orodha ya tarehe, anaweza kutuma alama za watoto kumi bila mtu wa kati.

Mwalimu mshauri wa wanafunzi,
Eldoret