Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba: Alhamisi ipi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalamu alaykum. Naomba radhi kukuandikia hadharani habari ya maktaba yetu ya chuo na majarida ya tiba tusiyoyafikia. Barua mbili za kwenye bahasha nimezileta ofisini kwako kwa mkono wangu, moja kabla ya Ramadhani na moja baada ya Idi, na karani akanigongea muhuri wa kupokelewa. Muhuri ninao. Jibu sina.

Nilikuwa nimeshanyamaza zangu, mpaka yaliponikuta ya Jumanne iliyopita wodi ya watoto. Kaletwa mtoto wa kilo 11 kutoka shamba, malaria kali, degedege limeshampitia mara mbili nyumbani. Daktari tuliyekuwa tukizunguka naye akanigeukia mimi mwanafunzi: sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, huyu unampa kiasi gani? Nikajibu kwa kujiamini kabisa, miligramu 2.4 kwa kilo. Akanitazama. "Umesoma wapi?" Nikasema maktaba. Wodi nzima ikacheka, mama wa mtoto naye akatabasamu bila kujua tunachekea nini.

Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuwa mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo, kwa kuwa ile ya wakubwa haimtoshi. Kitabu nilichosoma, ambacho ndicho kipya kuliko vyote kwenye rafu yetu ya magonjwa ya nchi za joto, kimechapwa 2012. Kwa hiyo mimi ningempa miligramu 26.4 na yeye anahitaji 33. Alhamdulillahi alipata 33, kwa sababu nesi alikuwa ameshavuta dawa yake zamani wala hakungoja jibu langu. Na bora sikufungua kitabu cha pembeni yake, maana hicho bado kinasifu klorokwini, dawa ya malaria ambayo Zanzibar tuliachana nayo 2003.

Mheshimiwa, mlangoni kwako pana ubao umeandikwa "Huduma na Taarifa Mpya". Sijui kama unapita mlango ule. Tangazo la juu kabisa lilikuwa karatasi nyeupe, sasa limepiga manjano kama jani la mkungu, na pini zake zimeota kutu mpaka zimechora duara. Linasema: "Mafunzo ya kutafuta makala za kitabibu, Alhamisi hii, wote mnakaribishwa." Nimelikuta nilipoingia mwaka wa kwanza. Sasa niko wa nne. Naomba kuuliza kwa heshima zote: Alhamisi ipi?

Ndani kuna lile kabati la vioo. Vile vitabu vipya vya msaada, ambavyo tuliitwa tuje tupige navyo picha pamoja na wageni, vimo humo, vimefungwa kwa ufunguo. Vimekaa kama vikombe vya bibi, vya kutolewa siku ya posa. Nimewahi kumuomba mtunza maktaba anifungulie dakika kumi tu. Akaniambia, masikini, si kosa lake, "Mwanangu, ufunguo uko kwa wakubwa."

Vitabu niviache. Vitabu ni ghali na vinazeeka, hilo nalielewa. Lakini Hinari je? Mpango huu umeanzishwa 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, kusudi vyuo na hospitali za nchi kama yetu ziingie kwenye majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Mwanafunzi hawezi kujisajili mwenyewe. Chuo ndicho kinachosajiliwa, kinapewa jina na neno la siri, na maktaba ndiyo inayotugaia. Wewe mwenyewe, kwenye wiki ya kutukaribisha, ulisimama ukasema kabla ya Ramadhani tutakuwa tunasoma majarida ya dunia nzima tukiwa vitandani mwetu. Tukapiga makofi. Ramadhani tatu zimepita.

Nini kimetokea, sijui. Wengine wanasema usajili ulikufa kwa kutohuishwa. Wengine wanasema neno la siri alikuwa nalo kijana mmoja wa kompyuta, naye kaenda Bara kusoma, kaondoka nalo kichwani. Mimi nadhani liko kwenye droo ya mtu, limesahauliwa.

Wakati huohuo sisi tunaishi hivi. Wodini natoka saa nane, saa tisa nyengine. Nikipata gari, nikifika maktaba, inafungwa saa tisa na nusu na ufagio umeshaanza kupita miguuni. Kompyuta ziko sita, zinazowaka mbili, moja haina herufi ya "e". Basi narudi Bububu, nanunua bando la elfu mbili, naingia PubMed, ule mtandao wa kutafutia makala za tiba, kwa simu. PubMed ni bure, Mungu awabariki, lakini mara nyingi unachopata ni muhtasari. Ukigusa makala yenyewe unaambiwa lipa dola thelathini na kitu. Baba yangu yuko Wete. Ada yangu ya mwaka huu imetoka kwenye karafuu, na likizo mimi mwenyewe nilipanda juu ya mkarafuu nikachuma kwa pishi, vidole vikaniuma wiki mbili. Dola thelathini kwa kurasa nane! Nimpigie simu nimwambie nini mzee yule?

Nilitaka niandike pia habari ya saa za kufungua, na feni, na choo. Nimeyafuta. Hata kabati liacheni na ufunguo wake, lipambe ukumbi.

Naomba neno la siri la Hinari. Hilo tu. Libandikeni kaunta, au mpeni yule mtunza maktaba atunong'oneze mmoja mmoja, tutatia saini ya kutolitoa nje. Kama usajili umekufa, uhuisheni. Kama neno limepotea, semeni limepotea, tujue.

Alhamisi hii, hii inayokuja, wala si ile ya ubaoni, sina zamu. Saa mbili asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yako na daftari langu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne
Unguja